Maji ya Bibi, Mafuta ya Shangazi

Binti wa mwenye nyumba wangu amejifungua kwa kupasuliwa. Nimepanga chumba cha nyuma hapa Mabibo, dirisha langu linatazama uani, na tangu wamrudishe kutoka hospitali harufu ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa huniamsha kabla ya simu yangu kulia. Ndani ya harufu hiyo kuna nyingine, ya taulo lililochovywa maji ya moto na kukandamizwa juu ya ngozi ya mtu. Asiyeijua hawezi kuitenganisha na mvuke. Jana mama yake alitoka na beseni, akamwaga maji mtaroni, akawaambia majirani waliokuja kumwona mzazi, "Huyu mwanangu kajikaza. Mmemsikia hata sauti?" Wakasema hawakumsikia. Wakamsifu. Mimi nikafunga dirisha na kurudi kitandani, na kitabu nilichokuwa nasoma sikukigusa tena siku nzima.

Nilikuwa darasa la tatu Mama alipopasuliwa. Tuliishi Tabata, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja wa saruji iliyopasuka, na Mama alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, naye alishona huku pini amezibana kwa midomo, akijibu salamu za wapita njia kwa nyusi tu. Tumbo lake lilipoanza kujaa, majirani walinipongeza kwamba napata mdogo wangu. Nikaanza kulala ukutani ili kumwachia huyo mdogo nafasi. Baadaye Mama akaniambia nirudi katikati ya kitanda. Ndani hakukuwa na mtoto, kulikuwa na uvimbe, na wangempasua wautoe kisha wamshone.

Sikuogopa. Kupasua na kushona nilikuona kila siku pale barazani, na sikuwahi kusikia gauni likilia. Nilimuuliza watamshona kwa uzi wa rangi gani.

"Mweusi," akasema. "Unaficha uchafu."

Alirudi nyumbani ameinama, anatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Chini ya kitovu alikuwa na bandeji pana, na hospitali walimpa vidonge vya maumivu, wakamwambia kidonda kisiguswe na maji mpaka atakaporudi kliniki. Hayo yote yalikuwa wazi. Lakini kwetu mgonjwa hauguzwi na maelekezo, anauguzwa na watu, na watu walikuwa njiani.

Wa kwanza alikuwa Bibi, mama yake Mama, aliyepanda basi kutoka Newala na kushuka na kiroba cha korosho, kifurushi cha majani makavu na taulo mbili zake mwenyewe, kana kwamba Dar es Salaam hakuna taulo. Alinikumbatia, akaniita mke mwenzake kama kawaida yake, akauliza kama bado namkumbuka mume wetu, babu yangu. Kisha akaingia chumbani kwa Mama, akaweka mkono juu ya tumbo, akatoka na kuuliza jiko liko wapi.

Wa pili alikuwa Shangazi, dada yake Baba, mwalimu wa sekondari aliyekaa Mikocheni. Alikuja na chupa ndogo ya mafuta ya upako kutoka kanisani kwake. Alikuwa mwanamke msomi aliyeongea taratibu, na alipokuona umekaa vibaya hakukugombeza, alikutazama mpaka ukakaa vizuri. Vidonge vya Mama alivichukua siku ile ile na kuvitia kwenye mkoba wake.

"Hivi vinaharibu figo, wifi," alimwambia Mama. "Na mtu akivizoea ndiyo basi, haachi. Nitakuwa nakupa nusu."

Akawa anavikata kwa wembe juu ya sahani. Mama akiomba dawa alipewa nusu kidonge, mafuta kidogo kwenye paji la uso, na maombi marefu ambayo mwisho wake Mama alisema amina pamoja naye, ingawa alikuwa Mwislamu na sala zake zilikuwa nyingine.

Bibi alisubiri amina iishe. "Hayo mafuta yanakaangia?" aliuliza siku moja. "Maana nina samaki huku."

Shangazi hakucheka. "Mama, hospitali walisema kidonda kisiguswe na maji."

"Walisema kidonda. Mie nakanda tumbo."

"Lakini tumbo na kidonda ni mahali pamoja."

"Mwalimu, tumbo likifunguliwa limefunguliwa. Katoka mtoto, katoka uvimbe, ni hilo hilo. Lisipokandwa damu mbaya inabaki humo. Mie nimekanda wazazi tangu hujazaliwa. Au huko kwenu bara matumbo yenu ni ya mbao?"

Baba alikuwa karani wa ghala, mtu mpole ambaye hata kukataa kwake kulifanana na kukubali. Alikaa kati ya mama mkwe wake na dada yake akizungusha kikombe cha chai. "Fanyeni tu vyote," akasema. "Kimojawapo kitashika."

Basi vikafanywa vyote. Na mimi, ambaye hata wakati ule sikuweza kuona vitu viwili bila kutaka kujua kipi kinakizidi kingine, nikaanza kuvipima. Kipimo changu kilikuwa masikio. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa chumba chao na kusikiliza. Baada ya nusu kidonge, Mama aliguna kidogo kidogo, kama mtu anayekubaliana na hadithi. Wakati wa mafuta na maombi nilisikia kuguna kule kule, kukifuatiwa na amina. Lakini Bibi alipoingia na beseni na mlango ukafungwa, kulikuwa kimya kabisa. Nilisikia taulo likikamuliwa, na maji yakidondoka, na pumzi za Bibi anayebonyeza kwa uzito wake wote. Kwa Mama sikusikia kitu.

Nikaamua kwamba maji yameshinda. Niliona ajabu kwamba watu wazima wawili wanagombana juu ya jambo ambalo mtoto akikaa tu kwenye ngazi analijua.

Wageni walikuja kila jioni kumwona mgonjwa. Mnajua inavyokwenda, nyie mliokulia kwenye nyumba zile. Mgeni anapiga hodi, anaulizwa habari, anasema nzuri, anauliza habari za hapa, anaambiwa nzuri. Ndipo anauliza, "Na mgonjwa?" Anajibiwa, "Hajambo kidogo, tunamshukuru Mungu." Kisha anaingizwa chumbani, na mgonjwa mwenyewe anainuliwa na kuegemezwa mto ili aseme kwa mdomo wake. Mama aliinuliwa. Alisema hajambo. Aliuliza habari za watoto wa mgeni, na kama mvua imewaharibia ukuta, na kama gauni alilomshonea limemkaa vizuri kifuani. Mgeni akitoka, uso wa Mama ulikuwa na jasho, na Bibi alilifuta kwa khanga akiwa ameridhika. Kwa watu wa upande wa Bibi, mwanamke aliyechezwa ngoma akafundwa haumwi mbele za watu. Kumsikia binti yako akilia ni kuambiwa hadharani kwamba hukumlea.

Siku moja Bibi, akiwa ndani na beseni, aliita kwamba ameisahau chumvi ya kutia kwenye maji. Niliileta, nikaingia bila hodi. Nilitarajia kumkuta Mama amelala, maana kwangu ukimya ule ulikuwa usingizi. Alikuwa macho. Bibi alikuwa amemwinamia, mikono miwili juu ya taulo, mvuke ukimpanda usoni. Mama alikuwa na kitu mdomoni, na kwa muda mfupi nilidhani ni pini, kwamba anashona kitu nisichokiona. Ilikuwa khanga. Alikuwa ameijaza mdomoni mpaka kwenye magego. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa. Aliponiona aliinua nyusi, ile salamu yake ya barazani.

Bibi alipotoka kumwaga maji, nilimrudia Mama. Khanga ilikuwa imelala pembeni ya mto, imeloa, na pembe yake moja ilikuwa na matundu.

"Mama, inauma?"

"Haiumi. Nenda kacheze."

"Mbona umetafuna khanga?"

"Njaa," akasema. "Bibi yako ananinyima wali."

Nikacheka, maana alitaka nicheke. Kisha nikasema, "Mwambie Bibi aache."

Akaisukuma khanga chini ya mto. "Mama yangu ametoka Newala kwa ajili yangu," akasema. "Nimwambie nini?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Nimekaa nalo mpaka leo. Kila kitu nilichokuwa nimekipima kiligeuka chini juu. Ikiwa kimya ni maumivu makubwa zaidi, basi kuguna kulikuwa nini? Na ile "nzuri" ya kila mgeni, na ile "hajambo kidogo", na ile "tunamshukuru Mungu"? Nilikuwa nimeishi kati ya maneno hayo nikiyachukua kama yalivyo. Sasa nilipopita uani na kumsikia jirani akiulizwa habari na kujibu salama, nilimtazama miguu.

Siku zile ndipo harufu nyingine ilipoanza kuja chini ya harufu ya mwarobaini. Mama alikuwa na joto, na usiku alitetemeka. Bibi aliongeza majani na kuyachemsha zaidi, kwa sababu damu mbaya, alisema, ilikuwa inatafuta njia ya kutokea. Shangazi aliongeza maombi. Nusu ya kidonge ilibaki nusu. Siku ya kliniki ilipofika, Baba alikodi bajaji, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikabebwa mimi pia, katikati ya Shangazi na Mama. Bibi alibaki kutayarisha maji ya jioni.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Alimwamkia Mama shikamoo.

"Marahaba, baba," Mama akasema. "Hamjambo hapa? Kazi zinaendaje?"

"Tunashukuru, mama. Unaendeleaje?"

"Vizuri tu, daktari."

"Maumivu?"

"Ya kawaida."

Alikuwa anaandika. Foleni nje ilikuwa ndefu, na aliyepewa majibu mazuri hana sababu ya kuyakataa. Shangazi alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. Nilimtazama Mama akiwa amekaa wima kwenye kile kiti, na jasho likitoka chini ya mtandio, na nikaona kwamba tutarudi nyumbani kwenye beseni.

"Mama anadanganya," nikasema.

Hakuna mtoto wa kwetu anayesema neno hilo juu ya mzazi wake. Shangazi alinifinya mkono mpaka nikahisi mfupa. Baba alitazama sakafu. Daktari aliacha kuandika, akauliza, kwa sauti ya utani kidogo, "Anadanganya nini, mdogo wangu?"

"Anatafuna khanga. Mtazame vidole vya miguu."

Akaweka kalamu chini. Alimwomba Mama alale kitandani. Alipombonyeza tumbo Mama hakutoa sauti, lakini daktari hakuwa anasikiliza, alikuwa anatazama miguu. Kisha akaifungua ile bandeji, na harufu ikajaa chumba, na Shangazi akatoka nje.

Walimrudisha kwenye chumba cha upasuaji siku ile ile. Usaha ulikuwa umeenea ndani. Nimewahi kumuuliza mtu anayesomea udaktari kama ni maji ya Bibi yaliyofanya vile. Alisema kidonda cha namna ile kingeweza kuoza hata bila maji, ila kukilowesha na kukibonyeza hakukusaidia. Nilitaka jibu lenye mtu wa kulaumiwa ndani yake, sikulipata. Najua tu kwamba joto la taulo humtuliza mwenye misuli iliyochoka, na maombi humtuliza mwenye hofu, na kidonge kizima humtuliza zaidi ya nusu. Vyote vilikuwa na kazi yake. Hakuna aliyemuuliza Mama kwa namna ambayo angeweza kujibu. Siku hizi hospitali nyingine humwambia mgonjwa ataje namba, kutoka sifuri mpaka kumi. Nadhani Mama angeuliza kwanza namba ya heshima ni ipi.

Wodini watoto hawakuruhusiwa, lakini Bibi aliniingiza chini ya khanga yake kana kwamba mimi ni mzigo wa matunda, na mlinzi akageuza uso. Walikuwa wanamchoma Mama sindano ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Nilitegemea kumkuta kimya. Alikuwa anaongea. Alimsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi alivyoiba korosho mbichi za babu yake zikamchubua midomo. Alimwambia Baba shati lake linanuka ghala. Alicheka, akashika tumbo, akacheka tena polepole. Uso wake ulikuwa umelegea, na nilipouona hivyo ndipo nilipojua ulikuwa umekazwa kwa muda gani.

Kisha akamgeukia Bibi, bila hasira, kama anayekumbuka jambo dogo. "Mama, yale maji yako yaliniunguza."

Bibi alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama. "Mbona hukusema?"

"Ulinifundisha lini kusema?"

Bibi aliendelea kumenya mpaka chungwa likawa halina hata ngozi nyeupe, akaliweka juu ya kabati bila kumpa mtu.

Shangazi alimvuta Baba pembeni, ila si mbali kiasi cha kutosha. "Hiyo dawa ni ndugu yake unga," alimwambia. "Unaona anavyoropoka? Amemvunjia mama yake heshima mbele za watu. Wakiendelea nayo mtamrudisha nyumbani teja." Baba alisema ataongea na wauguzi. Sijui kama aliongea. Haikuwa na haja, maana Mama alikuwa amesikia.

Kesho yake tulipofika alikuwa amenyooka kitandani, mikono pembeni. Alimwamkia Bibi kwa adabu. Akamwomba radhi kwa aliyoyasema jana, akasema ni dawa. Muuguzi alipopita na sinia lake la sindano na kumuuliza kama ana maumivu, alisema, "Sina, sista. Asante." Muuguzi akapita. Nilitazama chini ya shuka, nikaona vidole vimejikunja. Nikamtazama Bibi. Naye alikuwa anatazama pale pale.

"Zuhura, chomwa sindano, mwanangu," Bibi akamwambia Mama.

"Sijambo, Mama."

"Nakuambia chomwa."

"Nimesema sijambo. Usiwasumbue watu."

Bibi aliinuka. Alikuwa mwanamke ambaye, walisema, alizaa mara saba nyuma ya ukuta mmoja na wakwe zake na hakuna aliyejua mpaka kichanga kilipolia. Alitembea hadi kwenye meza ya wauguzi, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, na akaanza kuugua kwa sauti, mbele ya wodi nzima. Haikuwa kilio cha msiba. Ilikuwa sauti ya mtu anayeumwa tumbo, ndefu, ya chini, isiyo na aibu. Wagonjwa wakageuza vichwa.

"Bibi, unaumwa?" muuguzi akauliza, akimkimbilia na kiti.

"Naumwa."

"Wapi?"

"Pale," Bibi akasema, akionyesha kitanda cha Mama. "Naumwa pale. Nichomeeni pale."

Muuguzi aliufuata mkono wake kwa macho. Kisha akachukua sinia lake, akarudi na Bibi kitandani. Mama alitaka kusema kitu, Bibi akamwekea kiganja juu ya mdomo, akamwambia, "Hapa hajakuuliza mtu." Akachomwa.

Mama hakuiona siku iliyofuata. Walitueleza baadaye kwamba usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu, na kwamba walijitahidi. Lakini alasiri ile aliongea tena, ingawa kwa sauti ndogo, na hakuomba radhi. Alisema uji wa hospitali unapikwa na mtu mwenye kinyongo. Alisema feni inamchosha macho. Bibi alikaa kwenye benchi akiitikia kila lalamiko kama anayepokea salamu.

"Mama," akasema baadaye, "umenikalia mguu."

Bibi alikuwa kwenye benchi, mbali na kitanda. Hakuna aliyekuwa karibu na mguu wa Mama. Nilifungua mdomo niseme hivyo, maana ndiyo tabia yangu. Bibi akanitazama mara moja tu, kisha akainuka na kulisogeza benchi nyuma.

"Haya, nimetoka. Sasa?"

"Bado."

Akalisogeza tena. Miguu ya benchi ilikwaruza sakafu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akavuta mapazia yake kutupisha. Bibi akasogea mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akabana magoti, akajikusanya kama mtu aliyepewa nafasi finyu.

"Sasa je, mwanangu?"

Mama alisikiliza ndani ya mwili wake, macho ameyafumba.

"Afadhali," akasema.